Mjuaji wa Ukutani

Jumamosi, 4 Januari

Nyuzi 29 chini ya sifuri. Nimetoka sauna, chumba changu cha mvuke kule chini, saa kumi na moja jioni, mwekundu kama nyanya, taulo kiunoni, nikapanda ngazi — nyumba baridi! Kipimajoto cha zamani nilichopewa kiwandani, kilichopo sebuleni, kinasema kumi na nne. Tanuru la gesi kule chini, linalopasha nyumba joto, limenyamaza. Na kidude cha Darren kiko koridoni, kinawaka taa yake ya buluu, kimeandika 26. Ishirini na sita! Mwongo mkubwa.

Naandika haya kwa sababu Helvi, mke wangu, hayupo wa kumlalamikia. Amelala hospitalini, wodi ya mazoezi, tangu avunjike nyonga, tarehe kumi ya mwezi uliopita, kwenye ngazi za ukumbi wa kanisa, birika la kahawa mkononi. Birika halikuvunjika. Alinisimulia hilo kwanza, kabla ya nyonga.

Kidude ni zawadi ya Krismasi. Themostati janja, alisema mkwe wangu Darren, anayeuza mazulia huko Toronto na hajawahi kushika bisibisi bila kuiangalia kwanza ni upande gani. Ile ya zamani ilikaa sebuleni miaka arobaini na moja. Ilijua kazi moja, kuwasha na kuzima tanuru, na iliifanya. Hii mpya inataka waya tatu, ukuta wa sebule una mbili. Kwa hiyo Darren akatoboa tundu jipya koridoni, karibu na bafu, akavuta waya kutoka chini moja kwa moja. "Njia fupi, mzee!" Tundu linaingia kidole gumba. Nilisimama nikimtazama. Mimi niliyelisha moto boila za mvuke za kiwanda cha karatasi miaka thelathini na nne! Nilinyamaza kwa ajili ya Kaarina, binti yangu. Alikuwa anamtazama mumewe kama vile anajenga daraja.


Jumapili, 5 Januari

Asubuhi nyumba ina ishirini na moja, kama inavyotakiwa. Tanuru linanguruma. Hakuna aliyelirekebisha.

Nimempigia Darren. Jibu lake: "Umejaribu kuizima halafu ukaiwasha, mzee?" Huo ndio ufundi wao siku hizi. Kizime, kiwashe. Boila ingekuwa inatibiwa hivyo, nusu ya mji huu tungekuwa tumeshazikwa.

Nimekizima. Nimekiwasha. Kikanisalimu kwa jina langu, Tauno, na kuniuliza kama nafurahia nyumba yangu!


Jumatano, 8 Januari

Nyuzi 31 chini ya sifuri. Baridi ya ndani imerudi tena. Nimeoga sauna, nimekaa nusu saa na kahawa kule kwenye chumba cha kuvulia nguo, nimepanda — kumi na tano sebuleni. Kidude: 25.

Mara hii najua. Ni kampuni ya gesi. Jumamosi na Jumatano watu wako nyumbani, wanapika, wanafua. Kampuni inapunguza gesi kimyakimya na kidude kinawasaidia kuficha. Nimempigia Kaarina nikamwambia. Akasema, "Baba, kampuni ya gesi haiwezi kufanya hivyo." Nikamwambia yeye ni mwalimu wa muziki, gesi aniachie mimi.


Alhamisi, 9 Januari

Nimempelekea Helvi supu ya njegere, maana ya hospitali ni maji ya kijani. Amekula nusu. Anatembea na fremu ya chuma ya kujishikiza hatua ishirini, kutoka kitandani hadi dirishani. Daktari ameshasema: Ijumaa tarehe 24 anarudi nyumbani.

Lakini Kaarina ana sharti. Nyonga mpya haipendi baridi, na kifua cha Helvi hakijawahi kuipenda. Nyumba ikae nyuzi ishirini na moja, isipande isishuke, wiki mbili mfululizo. Kaarina ataangalia mwenyewe kwenye simu yake huko Toronto, maana kidude kinampelekea habari zote! Kinachunguza nyumba yangu kinampelekea binti yangu umbea. Nyumba isipotulia, Helvi haji kwangu.

"Itatulia," nikamwambia Helvi.

"Wewe usigombane nayo tu," akasema. "Ukigombana na kitu, unaacha kukitazama."

Nimekaa naye mpaka saa za wageni zikaisha. Nyumbani kitanda ni kikubwa mno. Simwambii mtu hilo.


Jumamosi, 11 Januari

Kaarina amepiga saa kumi na mbili jioni. Ndiyo kwanza nimetoka sauna, nywele zinachuruzika, nimevaa sweta mbili.

"Baba, kwa nini umepandisha joto hivyo? Simu inasema ishirini na saba."

Nikamwambia ninaona mvuke wa pumzi yangu mwenyewe. Kipimajoto cha sebuleni kinasema kumi na tatu.

Akarudia: "Ishirini na saba, Baba."

"Kumi na tatu!"

"Mchoro wa joto niko nao hapa. Tangu saa nane mchana umepanda tu."

Nikasema hicho kidude chao ni mlevi. Akauliza kama nimekula leo. Nikauliza kula kunaingiaje hapo. Akasema hapana, anauliza tu.

Nimepiga picha kipimajoto cha kiwandani, nimemtumia. Akajibu: "Umekiweka dirishani?"

Dirishani! Nimekaa na hasira mpaka kahawa ikapoa.


Jumapili, 12 Januari

Ottavio wa nyumba ya jirani amekuja na mashine yake ya theluji, amenisafishia njia bila kuombwa, halafu akaingia kunywa kahawa. Nikamweleza. Akacheka.

"Nyinyi Wafini mna bahati. Nyumba ikipoa mnakimbilia kwenye kile chumba chenu cha kujichemsha. Sisi Waitaliano tukisikia baridi tunakufa tu."

Nikamwambia amweleze Kaarina kwamba jana jioni nyumba ilikuwa baridi, si alichungulia kuomba chumvi? Akapiga simu palepale, akaapa kwa mama yake. Kaarina akamshukuru sana. Kisha akaniambia mimi, "Baba, Ottavio aliapa hivyohivyo mbele ya Mama kwamba yule samaki ulimvua mwenyewe."

Ni kweli aliapa. Samaki tulimnunua. Miaka kumi na mbili imepita na bado wanakumbuka!


Jumanne, 14 Januari

Nyuzi 34 chini ya sifuri. Fundi amekuja — msichana, Delphine, amehamia hapa kutoka mji wa Hearst msimu wa vuli uliopita. Mfuko wa zana mkubwa kuliko yeye. Nilimfuata nyuma hatua kwa hatua.

Amekagua chujio. Amekagua bomba la kuvuta hewa nje, kama limeziba kwa barafu. Halijaziba, nililisafisha mwenyewe asubuhi. Amelazimisha tanuru liwake, likawaka. Amelizima, likazima. Ameshika simu yake karibu na kidude, vikaongea wenyewe kwa wenyewe. Kila kitu sawa. Bila shaka ni sawa! Leo ni Jumanne!

Akaniuliza maswali kutoka kwenye karatasi. Nyumba ina umri gani. Madirisha yamebadilishwa lini. "Kuna kitu kingine humu kinachotoa joto, mzee? Mahali pa moto, hita ya umeme, jiko la kuni?"

"Hakuna," nikamwambia. "Nyumba hii ina tanuru na ina mimi."

Akaandika hakuna. Akasema basi hajui, nimwite likitokea tena. Hajui! Enzi zetu kiwandani, mtu aliyesema hajui alipewa fagio.


Alhamisi, 16 Januari

Nyuzi 37 chini ya sifuri. Shule zimefungwa. Misumari ya paa inalia kama risasi.

Jana tena: kumi na mbili sebuleni, kidude 28. Ni yule msichana, ameharibu kitu alipokuwa anachokora. Nimempigia Kaarina nimwambie. Akasema, "Wiki iliyopita ulisema ni kampuni ya gesi. Kabla ya hapo ulisema ni waya wa Darren." Basi ni wote watatu, nikasema! Wamejipanga!

Lilinitoka tu. Nilisikia mwenyewe lilivyosikika.

Tangu jana naoga sauna kila siku. Mtu afanye nini? Ndicho chumba pekee humu chenye adabu. Jiko lile nililichomelea mwenyewe mwaka wa sabini na tisa kwa chuma cha kiwandani, linashika moto kwa kiberiti kimoja. Hakuna waya, hakuna taa ya buluu, hakuna anayeniuliza kama ninafurahia. Unamwaga upawa wa maji juu ya mawe, mawe yanajibu, basi. Nimewasha saa sita mchana na sijaliacha lizimike mpaka jioni.

Juu kulikuwa na kumi na moja. Nimelala na kofia.


Ijumaa, 17 Januari

Kaarina amepiga asubuhi. Sauti laini. Nisiyoipenda.

Leo ni siku gani, Baba? Tarehe ngapi? Umekunywa dawa ya presha? Daktari wako bado ni yuleyule?

Nilijibu yote, sahihi, kwa mpangilio. Halafu nikamuuliza yeye saba mara nane. Akasema hamsini na nne. Ni hamsini na sita! Mwalimu!

Hakucheka. Akasema, "Baba, ninaona joto linapanda mpaka ishirini na tisa, kila siku sasa, na wewe unaniambia unaganda. Nikuelewe vipi?"

Nikamwambia anielewe kama baba yake.

Nilipoweka simu nilivaa sweta ya tatu. Nitasema ilikuwa baridi. Humu daftarini sihitaji kusema hivyo: niliogopa. Marehemu kaka yangu alianza hivi. Alikuwa anasema maji ya bomba yana ladha ya petroli. Sote tulimwitikia kwa sauti hiyohiyo laini.


Jumamosi, 18 Januari

Wameamua. Hawajaniuliza, wamenijulisha. Helvi akitoka Ijumaa anapelekwa Toronto, kwenye makao ya wazee mtaa wa pili kutoka kwa Kaarina. "Mpaka majira ya joto tu, Baba." Najua majira ya joto ya makao ya wazee. Watu huingia na sanduku la mwezi mmoja, sanduku halirudi.

Nimekwenda hospitali. Barabara nyeupe tupu, gari likilalamika. Helvi alikuwa amekaa kitini, nywele zimechanwa na mtu asiyejua kuzichana. Ameshaambiwa.

"Niambie ukweli," akasema. "Nyumba ina baridi au ina joto?"

"Ina baridi."

"Basi ina baridi," akasema. Hivyo tu! Miaka hamsini na moja ya ndoa. Nilitaka kumwangukia miguuni, ila nyonga.

Akauliza ninaishije humo. Nikamwambia naoga sauna kila siku. Akakunja uso. "Kila siku? Katikati ya wiki? Mchana?" Nikasema ndiyo, ndiyo inayoniweka hai. Akataka kusema kitu. Nesi akaingia na vidonge, akanitoa.

Sikuwasha sauna leo. Jumamosi bila sauna! Sikumbuki mara ya mwisho, labda nilipokuwa jeshini. Nilifika nyumbani nikakaa sebuleni na koti nikisubiri baridi ije. Sikuwa na nguvu ya kubeba kuni.


Jumapili, 19 Januari

Baridi haikuja. Ishirini na moja jana jioni, ishirini na moja leo asubuhi, mchana, jioni. Nje 36 chini ya sifuri. Tanuru linawaka na kuzima, linawaka na kuzima, kama askari kwenye gwaride. Kidude kinasema 21. Kipimajoto cha kiwandani kinasema 21. Wamepatana.

Sijawasha sauna leo pia. Nina wazo kichwani na silipendi. Nimelikalia siku nzima.


Jumatatu, 20 Januari

Saa tatu asubuhi nimewasha sauna. Sikuingia. Nimevuta kiti cha jikoni nikakiweka koridoni, nikakaa mbele ya kidude na daftari, kama nilivyokuwa nakaa mbele ya boila namba mbili.

Saa tatu: 21. Saa nne: 22. Saa nne na nusu: 24. Tanuru likanyamaza. Saa tano: 26. Nikachukua bisibisi, nikakitoa ukutani. Nikaweka kidole kwenye tundu la Darren.

Hewa ya moto. Ikanipuliza kidoleni kama inatoka mdomoni mwa ng'ombe.

Tundu linashuka ndani ya ukuta, na ukuta unashuka moja kwa moja juu ya dari ya sauna. Dari yangu. Niliyoijenga mimi mwaka sabini na tisa na kuacha nafasi ya vidole vinne pembeni, kwa sababu nani angeona? Joto la sauna linapanda humo, linatokea nyuma ya kidude, kidude kinadhani nyumba nzima inachemka, kinazima tanuru. Nyumba inapoa. Mimi nasikia baridi. Naenda kuwasha sauna.

Wiki mbili! Nilikuwa naizima nyumba yangu kwa mikono yangu, kwa kuni zangu, na kadiri ilivyopoa ndivyo nilivyoizima zaidi. Yule msichana aliniuliza. Jiko la kuni, mzee? Hakuna! Limo mita mbili kutoka alipokuwa amesimama, nyuma ya mlango. Lakini nani anaita sauna jiko? Sauna ni sauna. Wazazi wangu walizaliwa ndani ya sauna. Ungemuuliza Mfini yeyote wa mji huu angejibu vilevile, na wote tungekuwa wapumbavu, ila mimi ndiye niliyelipwa miaka thelathini na nne kujua joto linakwenda wapi.

Nimeziba tundu kwa soksi ya sufu na udongo wa kuzibia madirisha. Nimekirudisha kidude. Saa nane mchana, sauna bado ina moto: kidude 21, sebule 21.

Nimejidharau leo kuliko nilivyowahi kumdharau Darren.


Jumanne, 21 Januari

Ishirini na moja siku nzima. Nimeoga sauna jioni kwa aibu, kama mtu aliyeingia kwa jirani.

Sijampigia Kaarina. Nimeshika simu mara nne. Nikisema, Darren atajua. Atasema, "Aaa, sauna, mzee!" na kucheka kile kicheko chake cha mazulia, na Krismasi ijayo ataisimulia mezani, na ijayo, mpaka nife, na mazishini.

Nisiposema, naonekana mzee aliyepoteza akili. Ndilo chaguo nililo nalo: mjinga au kichaa. Nimekaa siku nzima nikipima kipi ni afadhali. Na Helvi anafunga sanduku Ijumaa! Mtu wa kupima kitu kama hicho anastahili kofi la shavu.


Jumatano, 22 Januari

Nimesema.

Saa moja asubuhi, kabla hajaenda shule. Nilisema haraka, nisije nikaacha. "Kaarina, ni sauna. Sauna ndiyo iliyokuwa inazima tanuru. Ndiyo maana simu yako ilikuwa inaona joto na mimi naona baridi. Nimeziba kwa soksi."

"Kwa soksi," akasema.

"Ya sufu. Tundu la ukutani. Joto linapita ukutani linakidanganya kidude."

"Sawa, Baba."

Sauti laini! Nikamwambia asiniambie sawa, aangalie mchoro, tarehe kumi na nane na kumi na tisa sikuwasha sauna na mstari ulinyooka. Akasema ndiyo, ameuona, ulinyooka, amefurahi kwamba siku hizo nilijisikia vizuri.

Nilijisikia vizuri! Nikapandisha sauti. Nikasema ni sauna, ni sauna, ni sauna. Nilivyozidi kusema ndivyo yeye alivyozidi kuwa mpole. Sasa ameshakuwa na orodha: waya, gesi, fundi, watu watatu waliojipanga, na sasa sauna, kwa soksi. Kila mara nilikuwa na hakika. Mara hii tu ndiyo niko sahihi, na inasikika kuliko zote kama wazimu.

Nyuma yake nikamsikia Darren akiuliza kitu. Kaarina akafunika simu. Sikusikia kicheko. Ningelipa kukisikia.

Anakuja kesho kwa ndege ya asubuhi kuchukua nguo za mama yake. Nikamwomba — sijamwomba Kaarina kitu tangu alipokuwa na miaka kumi na sita: "Njoo hapa kwanza. Peke yako, kabla ya hospitali. Usimame koridoni saa moja tu. Nitakuonyesha kwa macho."

"Nitakuja, Baba," akasema.


Alhamisi, 23 Januari

Nyuzi 38 chini ya sifuri. Upepo.

Saa tatu asubuhi. Nimetoa soksi. Nimewasha sauna, kuni zote nzuri, zilizokauka miaka miwili. Mtu haamini maneno, basi ataamini mwili wake. Atasimama sebuleni akitetemeka huku simu yake ikimwambia ishirini na nane. Halafu nitarudisha soksi mbele yake. Jaribio safi. Kiwandani tulifanya hivyo: unarudisha kosa makusudi ili mkubwa alione.

Saa nne na nusu. Kidude 24. Tanuru limezima. Sebule 20.

Saa sita. Kidude 27. Sebule 17. Ndege imeshatua, nimesikia redioni. Sifungui dirisha kuharakisha. Nilifikiria kufungua. Mimi si mdanganyifu.

Saa saba. Sebule 15. Nimechemsha kahawa na kununua yale maandazi yenye sukari ya rangi ya waridi anayoyapenda tangu utotoni, yaliyobaki dukani ni ya jana. Bado hajafika. Labda barabara.

Saa nane. 14. Kidude 28. Nimevaa koti na kofia. Madirisha yameanza kuota barafu ndani, pembeni chini. Simu yake haipokelewi.

Saa nane na nusu. Sasa nafikiri upumbavu mwingine. Akiingia akinikuta hivi, na koti, na kofia, nyumba inaganda, sauna inawaka mchana wa Alhamisi kama tanuru la matofali, na mimi nimekaa kwenye kiti cha koridoni nikiandika — ataona nini kwanza? Nirudishe soksi? Tanuru litahitaji saa tatu kuirudisha nyumba. Nikiirudisha sina la kumwonyesha.

Sirudishi. Yuko peke yake, kijana, ana koti zuri. Baridi ya saa moja haitamdhuru.

Saa tisa kasoro kumi. 13. Gari limeingia uani. Limezimwa.

Mlango wa gari. Mlango mwingine. Kaarina anasema kitu, polepole, jinsi anavyoniambia mimi. Yupo na mtu.

Kitu cha chuma kinagonga kwenye barafu. Kinasimama. Kinagonga tena. Fremu.

Amemleta Helvi. Bila shaka Helvi ndiye aliyedai, aione nyumba yake kabla ya kuondoka, nani angemkatalia. Ngazi ni tatu. Nimeangusha soksi mahali fulani, ilikuwa mfukoni, haimo mfukoni. Namsikia akihema kwenye ngazi ya kwanza. Anamwambia Kaarina amwache, ataingia mwenyewe, ndani kuna joto.